Amplifaya ya Sokomuhogo

Jumamosi, 24 Januari

Haiandikiki. Nimejaribu tangu juzi, pembeni mwa madaftari ya wanafunzi, nyuma ya risiti, mpaka kwenye kiganja. Ngoooom? Hapana. Ng'aaan? Wala. Sauti moja tu ya waya mmoja wa gitaa, kutoka dirisha la juu la nyumba moja Sokomuhogo, saa nane mchana, nikitoka skuli. Ilianza nene, ya vuguvugu. Ikasimama hewani. Halafu, ukingoni, ikachanika kidogo, kama doti mpya ya kanga inapochanwa katikati.

Nilizima vespa katikati ya njia. Hamali aliyekuwa akisukuma rikwama nyuma yangu akauliza kama njia hii nimeirithi kwa babu.  Mimi nilikuwa nangoja sauti ya pili. Haikuja. Ile ya kwanza ilikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo, na badala yake ukamiminika dirishani moshi wa udi.

Nyumba inayotoa sauti ile na harufu ile! Sijalala vizuri siku mbili.

Na leo nimepewa onyo. Ni Bi Mwanakheir, kiongozi wa kikundi chetu cha taarab, wanawake watupu, kumi na mmoja. Mimi napiga gitaa. Gitaa langu linapitia kwenye spika ya Kichina yenye taa za rangi. Ndio uwezo wangu. Ina kosa moja. Kila waya unapolegea, mwanamke aliyemo ndani ya spika hutangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, kwamba yuko tayari kuunganishwa. Wiki iliyopita alitangaza hivyo bibi harusi alipokuwa anaingia ukumbini. Mama mkwe akauliza ni nani huyo aliye tayari.

Bi Mwanakheir akaniambia mbele ya wote: "Ilham mwanangu, gitaa lako nalipenda. Huyo mwanamke wako simtaki." Jumamosi ijayo tuna harusi Uroa, ya mtoto wa dada yake mwenyewe. Nisipokuja na sauti ya maana, sehemu ya gitaa atapewa Faiza, mpiga kinanda, na mimi nitapewa tari. Kinanda cha Faiza kina kitufe cha gitaa. Kina pia kitufe cha kinubi, cha mvua na cha mbwa. Faiza akatabasamu.

Tari! Mimi! Baada ya miaka sita ya gitaa!

Kesho Sokomuhogo.


Jumapili, 25 Januari

Nimeiona.

Ni amplifaya ya gitaa, ya zamani, ile aina yenye vichupa vya kioo ndani vinavyowaka kama makaa. Kubwa kama sanduku la bibi harusi, nyeusi, ngozi imebanduka kwenye pembe. Mwenyewe ni Mzee Mansour, anayeuza saa za ukutani na redio kongwe humo humo ghorofani. Anasema iliachwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akipiga gitaa hotelini Jambiani, akarudi kwao na begi moja. Baadaye fundi akaifungua na kuiboresha. Imeboreshwa! Nyuma ina swichi ndogo nyekundu ambayo kiwandani haikuwepo. Niliuliza kazi yake. Mzee Mansour akasema hiyo ndiyo siri yenyewe.

Mkakati wangu ulikuwa kutoonyesha hamu. Nilimwamkia, nikasema nimekuja kutazama saa. Nikaitazama moja kwa dakika nzima. Akasema hiyo imesimama. Nikasema nazipenda zilizosimama. Kisha nikauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, lile sanduku ni la nini. Sauti yangu ikapanda mwishoni mpaka nikajisikia haya.

Akachukua gitaa lililobakiwa na waya mmoja. Akabonyeza. Akangoja vichupa vipate moto. Akapiga.

Ile ile! Loo!

Mkakati uliishia hapo. Nilipojitambua nilikuwa nimepiga magoti, shavu langu liko juu ya amplifaya. Ya moto. Ya moto hasa. Mpaka sasa shavu lina alama. Kitu kina uhai! Mzee Mansour akaizima haraka. Akasema kitu kama hiki hakichoshwi. Mtu anayejali vitu vyake.

Jambo jengine. Muda wote chetezo kilikuwa kinafuka nyuma ya amplifaya, udi wa bei kubwa. Saa nne asubuhi! Mwanamme wa miaka sitini, mgane, hana mgeni, hana harusi. Na nilipokuwa naaga akaniuliza: "Mama hajambo?"

Mama hajambo! Wamejuana lini? Lakini nani mjini asiyemjua Bi Amne, mjane, mpika udi wa maharusi? Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kazi yangu ni kutoka kwenye dalili kwenda kwenye chanzo. Udi. Upweke. Mama hajambo. Mzee huyu anataka mke, na anayemtaka ni mama yangu.

Bei aliyotaja ni fedha zangu zote nilizoweka za kununulia kompyuta, na kidogo juu yake. Lakini binti wa mchumba hauziwi kwa bei ya mpita njia.


Jumatatu, 26 Januari

Nimempeleka mama. Nilimwambia tunakwenda kutazama saa ya ukumbini. Nilimwomba avae buibui lake jipya lenye nakshi. Akauliza kama saa zinajali.

Mzee Mansour alipomwona akashtuka vibaya sana. Karibu Bi Amne, karibu, karibu. Akatupia udi kwenye chetezo.  Mama akavuta pumzi moja, akakunja uso, akauliza kwa nini chetezo kimewekwa nyuma ya sanduku na si mbele ya wageni. Mzee Mansour akaongeza udi. Mama akapiga hatua moja kwenda kwenye chetezo. Mzee akaongeza tena. Mwishowe hatukuonana kwa moshi. Nilimsikia tu mzee akikohoa upande wa madirisha. Nimesoma sana habari za mapenzi. Sikuwahi kuyaona kwa karibu hivi.

Katika moshi ule nikapata nafasi ya kuijaribu swichi nyekundu. Juu, sauti inang'aa. Chini, sauti inakuwa na joto. Tofauti ya mbingu na ardhi. Nikamuuliza mama kama amesikia. Akasema amesikia kitu kile kile mara mbili. Masikio ya kawaida.

Njiani mama akasema: "Mzee yule ana kitu kinanuka."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Nnapika udi mwaka wa thelathini huu. Mtu hachomi kiasi kile kwa raha yake. Kiasi kile ni cha kufichia."

Nikamwambia asione haya. Mimi ni mtu mzima, nitaelewa. Akanitazama mwendo wa maduka matatu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Anaona haya.


Jumanne, 27 Januari

Uchunguzi wa kitaalamu. Nilitaka kuzungumza na fundi aliyeifungua. Mzee Mansour hakupenda kunitajia jina lake, lakini nilisimama dukani mwake mpaka akalitaja. Fundi Pandu. Ameacha ufundi, sasa anaotesha miche ya mikarafuu Kizimbani.

Nikaenda na vespa baada ya skuli. Nilimkuta amechuchumaa baina ya viriba vya miche, mikono imejaa udongo. Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza.

"Bado ipo ile?"

Nikasema ipo, na inalia vizuri.

"Inalia?" Akauweka mche chini.

Nikamuuliza kuhusu swichi nyekundu. Akasema haijaunganishwa na kitu chochote. Mteja alitaka swichi, naye akamwekea swichi. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi nimeisikia tofauti kwa masikio yangu. Akacheka mpaka akashika kigingi cha banda. "Mwalimu, nyuma yake hamna hata waya!"

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Fundi wa kweli ni mnyenyekevu. Hajui alichokifanya.

Akanieleza na habari ya transfoma. Ile ya asili ilikuwa ya umeme wa kwao Mzungu, mdogo kuliko wetu, basi ikaungua siku ya kwanza Mzee Mansour alipoichomeka ukutani. Akatia nyengine, ya kile chombo cha kutulizia umeme wa friji. Inafanya kazi, akasema, lakini haipendi kazi. Wimbo mmoja, kisha uipumzishe. Na ikianza kunuka, ikimbie.

Ikianza kunuka! Lakini mimi nimeinusa mara mbili, tena kwa karibu. Inanukia udi.

Nilipoondoka alinipa mche wa mkarafuu. Akasema huu angalau utakua.


Jumatano, 28 Januari

Sinunui.

Nimeamua kwa utulivu, asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, karatasi mbele yangu. Kitu kilichofunguliwa na mtu ambaye sasa ni mkulima. Transfoma ya friji. Fedha za kompyuta. Na mama, ambaye sina haki ya kumfanya punguzo la bei. Sinunui. Nilihisi mwepesi kama mtu aliyetoka kuumwa. Nitapiga tari kwa heshima. Wapo watu wazima wenye akili zao wanaopiga tari.

Saa kumi na moja. Nimetoka mazoezini. Tari ina sauti mbili. Nilizimaliza zote kwa dakika tano. Faiza akabonyeza kitufe chake, likatoka gitaa la bati, gitaa la kuamshia watu kwenye simu. Wote wakasema si baya. Bi Mwanakheir alitikisa kichwa kwa mdundo. Alitikisa! Kwa bati lile!

Faiza akanikalia karibu. "Shoga, usisononeke. Wewe na tari mmependezana." Halafu akasema, kama mtu anayesema habari za hewa, kwamba leo asubuhi alikuwa Sokomuhogo.

Kufanya nini? Ana shughuli yake. Shughuli gani? Kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani. Vitu gani? "Ilham, umekuwa polisi?" Akacheka, akaingia ndani.

Nikatoka nje kuvuta hewa. Nilimwona katika akili yangu: Faiza, kwenye jukwaa la Uroa, kinanda chake kimepita kwenye amplifaya yangu. Sauti yangu. Kwa kitufe!

Nanunua.


Alhamisi, 29 Januari

Ni yangu!

Mkakati, na huu ulifanya kazi. Mama alioka vileja vya kumpelekea shangazi kule Vuga. Nilichukua sahani moja, nikaifunika kitambaa, nikampelekea Mzee Mansour na kumwambia mama anakusalimu. Mama hakusema hivyo. Lakini hakukataza.

Mzee wa watu akababaika. Akauliza kama mama alisema lolote juu ya harufu ya pale dukani. Nikamwambia harufu ile mama hajaisahau mpaka leo. Ni kweli tupu! Akaenda kufunga mlango. Akarudi. Akanipunguzia nusu ya bei, bila kuombwa. Nusu! Sharti lake lilikuwa moja, niichukue leo leo, sasa hivi, na maneno ya mama yabaki baina yetu. Nikamwahidi. Watu wa umri wao wanapenda mambo yaende polepole.

Akanisaidia kuiteremsha mwenyewe. Mzee wa miaka sitini, ngazi zile zilizosimama kama ukuta, mbio! Rikwama akaiita yeye. Hamali akawa yule yule wa siku ile. Akauliza kama na sanduku nimerithi kwa babu.

Na si hayo tu. Mzee Mansour alinipa chetezo chake, na mfuko mzima wa udi. Akasema kila ninapoiwasha nichome na udi. Ndivyo ilivyozoea.

Baada ya magharibi niliiwasha chumbani. Nikachoma udi. Vichupa vikawaka kimoja kimoja. Nikapiga sauti moja tu, kwa kuiheshimu. Dirisha likatetemeka.  Mama akapiga kelele kutoka jikoni kwamba kuna kitu kinaungua. Nikamjibu ni udi.

"Udi naujua mie!"

Nikaizima. Sitaki kumuudhi siku aliyopunguziwa mtoto wake nusu ya bei kwa ajili yake.


Ijumaa, 30 Januari

Umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Siwezi kuujaribu wimbo wote. Si kitu. Nimekaa sakafuni tangu nilipotoka skuli, nimeegemea amplifaya, nikipiga gitaa kavu. Tumejuana hivyo hivyo.

Habari njema. Mama amepewa kazi ya udi kwenye harusi ya Uroa, kwa hiyo tutakuwa sote. Nikamwambia Mzee Mansour anamsalimu sana. Akauliza, mzee gani? Nikatabasamu. Akauliza pia kama nimeiona sahani yake ya vileja.

Faiza kapiga simu. Anataka kujua kesho nitahitaji tari kubwa au ndogo. Nikamwambia aje nayo yoyote, atakuwa anaipiga mwenyewe. Nikakata. 


Jumamosi, 31 Januari

Naandika kwa utaratibu. Kila jambo mahali pake.

Tulifika Uroa baada ya alasiri. Turubali kubwa nyuma ya nyumba ya bibi harusi, wanawake kama mia mbili, mapambo, viti vya dhahabu. Vijana wawili waliishusha amplifaya wakauliza kama ni jokofu. Bi Mwanakheir akaizunguka mara moja na kusema, haya, tutasikia. Faiza alikuja na kinanda chake na zawadi ya bibi harusi, kitu kirefu kwenye karatasi ya maua. Kuna mtu akachungulia pembeni. Saa ya ukutani! Aliinunua Sokomuhogo, Jumatano. Ndiyo shughuli yenyewe. Ni ile iliyosimama.

Kwa hiyo hakuwahi hata kuitaka amplifaya. Habari hii ilinifikia nikiwa na waya mkononi. Haikuwa na kazi tena.

Nikaiwasha. Nikaweka chetezo nyuma yake, kama nilivyoagizwa. Wimbo ukaanza, fidla zikatangulia, ikaja zamu yangu. Nikapiga.

Jamani! Wanawake mia mbili wakanyamaza. Watoto wakaacha kulia. Bi Mwanakheir akafumba macho, mdomo ukaachama kidogo. Kisha kigelegele, kimoja, kutoka nyuma kabisa, na watu wakaanza kuinuka kuja kututunza. Muimbaji walimpita. Walikuja kwangu! Nilikuwa na noti mpaka kwenye mtandio. Faiza aliacha kupiga ili asikilize. Nilimwona.

Fundi Pandu alisema wimbo mmoja. Hakusema wa nani. Amplifaya ni ya Mzungu, na nyimbo za Wazungu ni dakika tatu. Wa kwetu una dakika ishirini na mbili, kama watunzaji hawakuzidi. Leo walizidi.

Dakika ya kumi na tano hivi moshi ulianza kutoka nyuma ya amplifaya, mzito, wa kijivu. Watu wakafurahi. Udi wa Bi Amne huo! Shangazi wa bibi harusi akaja akicheza, akatandaza buibui lake juu ya amplifaya alifukize. Akaja wa pili na mtandio. Mara wakapanga foleni, wanajifukiza nguo, wanageuza mbele na nyuma, wanasifu joto lake. Upande wa pili wa turubali nikamwona mama anainua pua. Akaanza kuja, akipasua umati kwa viwiko.

"Si wangu! Udi huo si wangu!"

Kwa kelele zile hakuna aliyemsikia. Mimi nilisikia. Nikaendelea. Ningeachaje? Sauti ilikuwa inachanika ukingoni, nzuri kuliko siku zote, nzuri ya kutisha!

Pa!

Umeme wote wa turubali ukakatika. Maikrofoni kimya, spika kimya, gitaa kimya. Nikasikia bahari. Na wakati ule ule pazia likafunguliwa, bibi harusi anaingia, hana hata mdundo mmoja wa kumpokea. Kinanda cha Faiza kina betri. Faiza, namsifu kwa hili, alitaka kutuokoa. Alinyoosha mkono katika moshi atafute kitufe cha gitaa.

Akabonyeza cha mbwa.

Mbwa alibweka mara tatu, kwa sauti safi kabisa. Bibi harusi akarudi ndani.

Yaliyofuata nayafupisha. Shangazi alinusa buibui lake na kusema linanuka kama ndoo iliyoungua. Kumi na wanane wengine wakanusa zao. Wote wakamgeukia mama. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akafungua kopo lake mbele ya watu wote, akawapitishia puani mmoja mmoja, kiti kwa kiti, kama daktari. Huu ndio wangu. Unanuka ndoo huu? Unanuka? Kisha akaja nilipo. Nilingoja. Akanitazama mimi, akaitazama amplifaya, akakitazama chetezo.

Akaniuliza kama nimekula.

Faiza alikuwa analia nyuma ya jukwaa. Nikampelekea maji. Akasema miaka yote ameogopa kitufe kile. Tukakaa pamoja kidogo. Hatukuzungumza juu ya tari.

Ndani ya gari kurudi mjini, Bi Mwanakheir alikuwa kiti cha mbele. Tulikuwa tumekaribia mjini. Akasema bila kugeuka: "Ilham. Sauti ile nimeisikia. Tangu niko msichana sijasikia gitaa likilia vile."  Akasema tarehe kumi na nne kuna harusi ya mwisho kabla ya Ramadhani. "Niletee sauti ile ile. Ije bila moto. Ikija na moto, tari. Na tari utapiga mpaka nife."

Bado nina nafasi! Bado!


Jumapili, 1 Februari

Leo nimekuwa mtu mwengine. Nilikwenda Sokomuhogo asubuhi, mimi mbele na vespa, rikwama na amplifaya iliyoungua nyuma yangu. Hamali hakuuliza kitu. Alinionea huruma tu.

Nilimuuliza Mzee Mansour waziwazi kama ana nia ya kumuoa mama yangu. Akakohoa mpaka nikampigapiga mgongoni. Hasha! Akasema pua ya Bi Amne inajulikana kutoka Malindi mpaka Mnazi Mmoja, na siku nilipomleta pale aliona biashara yake imekwisha. Na "mama hajambo" je? Akasema: "Mwanangu, ni salamu." Vileja alivila kwa hofu, lakini vilikuwa vizuri.

Kwa hiyo mama alikuwa anasema kweli tangu Jumatatu. Udi ulikuwa wa kufichia harufu ya transfoma inayoungua. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa na dalili zote mkononi. Nimeandika ndani ya jalada la shajara hii, kwa wino mwekundu: Ilham, usinunue kitu chochote penye udi. Nimepiga mstari mara mbili. Jambo likishanifundisha, halinirudii.

Mzee Mansour aliona aibu. Aliipokea ile iliyoungua. Nilikuwa nimeshageuka niondoke nilipoiona nyengine, nyuma ya redio, chini ya shuka. Kubwa zaidi. Vichupa sita! Na yeye akasema hii imefunguliwa na fundi mwengine, bora kuliko Pandu. Ina swichi mbili.

Safari hii nilikuwa macho. Sikupiga magoti. Nilianza kwa kukagua chumba. Nilitazama nyuma ya amplifaya, chini ya meza, ndani ya droo. Hakuna chetezo. Hakuna udi, hata jivu lake. Nikanusa pembe zote nne. Hakuna kabisa! Mzee alikuwa anakaanga buni tu, kwenye jiko la mkaa, hapo hapo pembeni ya amplifaya. Anasema kahawa yake anapenda kuikaanga mwenyewe. Chumba kizima kilikuwa kimejaa moshi wa kahawa, harufu nzuri, ya uaminifu, ya nyumba ya watu.

Akapiga sauti moja. Sitajaribu kuiandika. Akaizima mara moja, maana anajali vitu vyake.

Fedha za kompyuta zilizobaki hazikutosha. Nimemwachia na vespa. Nimerudi kwa miguu nyuma ya rikwama, Sokomuhogo nzima inanitazama, mikono yangu imejaa.

Kikaango amenipa bure, na kilo nzima ya buni.